Mtambo wa Biodizeli wa Uani: Kutoka Karai la Chipsi hadi Tangi la Fuso

Mtambo wa kutengenezea biodizeli nyumbani, kwa kuutazama, ni pipa, pampu, mabomba na koki chache. Fundi anayechomelea mageti na madirisha kando ya Barabara ya Morogoro pale Kibamba, Dar es Salaam, hashindwi kuuunda. Kazi yenyewe huanza pipa linapojazwa. Mafuta yakiwa na maji, au kostiki soda ikizidi kipimo kwa gramu chache tu kwa lita, kinachotoka ni uji wa sabuni.

Biodizeli ni mafuta ya mimea au ya wanyama yaliyobadilishwa kikemia ili yafae injini za dizeli: Fuso, Coaster, jenereta, mashine za kusaga nafaka. Bodaboda na bajaji za petroli haziwezi kuyatumia.

Kinachotokea ndani ya pipa

Molekuli moja ya mafuta ya kupikia ni mfano wa pweza mwenye mikono mitatu: kichwa ni gliserini, mikono ni asidi za mafuta. Umbo hilo ndilo linaloyafanya mafuta kuwa mazito. Yakimiminwa hivyo hivyo kwenye injini ya kisasa hayanyunyiziki vizuri, huziba nozeli na kuacha masizi. Katika mtambo, methanoli, aina ya alkoholi, huichukua mikono hiyo mmoja mmoja, na kostiki soda huharakisha badiliko hilo. Mwishowe gliserini huzama chini, na juu hubaki kimiminika chepesi cha rangi ya chai ya rangi. Hicho ndicho biodizeli.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900, injini ya aina iliyobuniwa na Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipata hataza ya kubadilisha mafuta ya mimea kwa alkoholi, na mawese aliyoyashughulikia yalihusishwa na Kongo, koloni la Ubelgiji wakati huo. Mwaka uliofuata, basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta ya namna hiyo.

Tanzania ilianza na mashamba makubwa. Miaka ya 2000 mbono kaburi, mti unaojulikana zaidi kwa kupandwa uani na makaburini, ulitafutiwa maelfu ya hekta. Wilayani Kisarawe, jirani na Kibamba upande wa kusini, kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 na ikasimamisha kazi mwaka 2011. Wilayani Kilwa, mradi wa kampuni ya Kiholanzi ya BioShape nao ulikufa kabla haujatoa mafuta ya kibiashara. Njia nyingine ilikuwa ya kiasi kidogo: katika kijiji cha Engaruka, wilayani Monduli, shirika la TaTEDO lilifunga injini ya mwendo wa polepole iliyoweza kutumia mafuta ya mbono bila kuyabadilisha. Injini za magari ya leo hazivumilii hilo, ndiyo maana mtambo unahitajika.

Viungo vya mtambo

Kiungo kikuu ni pipa la chuma la lita 200, lililosafishwa na lenye mfuniko unaofunga. Pipa la wazi halifai, kwa kuwa mvuke wa methanoli ni sumu na hushika moto upesi. Chini ya pipa huchomelewa faneli ya chuma yenye koki kwenye ncha, ili gliserini itoke yote bila kubaki pembeni. Pampu ya maji yenye mwili wa chuma huvuta mafuta chini na kuyarudisha juu, na mzunguko huo ndio mwiko wa kukorogea. Hita ya umeme hupasha moto, na kipimajoto huonyesha nyuzi. Juu huwekwa bomba la kupumulia linalotoa mvuke nje, mbali na mota na swichi. Bomba la plastiki linalopitisha mwanga, lililosimamishwa ubavuni, humwezesha mtu kuona kilichomo.

Vifaa vichaguliwe kwa makini. Kostiki hula alumini, kwa hiyo sufuria za kawaida za jikoni hazina nafasi hapa. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki, na viungo vya shaba, huchafua mafuta yakikaa nayo muda mrefu. Mipira ya kawaida hulainika na kuvuja. Chuma cha kawaida, chuma cha pua na madumu magumu ya plastiki ndivyo vinavyofaa.

Pembeni huhitajika chombo cha pili, dumu la plastiki lenye mfuniko, la kuchanganyia methanoli na kostiki, pamoja na tangi la tatu la kuoshea.

Kupima kabla ya kupika

Mafuta ya vibanda vya chipsi yamepitia moto mara nyingi. Huwa na makombo, maji ya viazi na asidi iliyoachwa huru na joto. Kwanza huchujwa kwa kitambaa kizito. Kisha hupashwa hadi zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi mpaka yaache kutoa mapovu, dalili kwamba maji yamekwisha. Hatua hii inaweza kufanyika hata kwa moto wa kuni, mradi methanoli iwe mbali kabisa.

Hufuata kupima asidi. Gramu 1 ya kostiki huyeyushwa katika lita 1 ya maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Mililita 1 ya mafuta huchanganywa na mililita 10 za alkoholi ya isopropili, kisha hutiwa matone ya fenolifthalini, kemikali inayogeuka waridi asidi inapokwisha. Maji yale ya kostiki hudondoshwa kwa bomba la sindano hadi rangi ya waridi itokee na kudumu. Mililita zilizotumika hujumlishwa na 3.5, na jibu ni gramu za kostiki kwa kila lita ya mafuta. Zikitumika mililita 2, kila lita inataka gramu 5.5, na lita 100 zinataka gramu 550. Mafuta yanayohitaji mililita nyingi ni machovu mno, na sehemu kubwa yake itaishia kuwa sabuni. Methanoli inayohitajika ni lita 20 kwa lita 100 za mafuta.

Kupika, kuosha na kukausha

Kostiki huyeyushwa katika methanoli kidogo kidogo, mahali pa wazi. Mchanganyiko hupata joto wenyewe na ndiyo hatua ya hatari kuliko zote. Mafuta hupashwa hadi nyuzi 55, kisha hita huzimwa. Yakizidi hapo hukaribia nyuzi 65, joto ambalo methanoli huchemka. Mchanganyiko huingizwa polepole huku pampu ikizungusha, na kuzungushwa huko huendelea kwa saa moja hadi mbili.

Pampu ikizimwa, gliserini ya rangi ya kahawia huanza kutua. Baada ya usiku mzima hutolewa kwa koki ya chini hadi kimiminika cheupe zaidi kianze kutiririka. Biodizeli iliyobaki bado ina sabuni na methanoli, kwa hiyo huoshwa kwa maji yanayonyunyizwa kama manyunyu, si kwa kukorogwa kwa nguvu, maana mtikiso huleta povu zito lisiloachana na mafuta. Maji hurudiwa hadi yatoke safi. Mwisho mafuta hupashwa na kuzungushwa yakauke. Yamekuwa tayari pale gazeti linaposomeka kupitia chupa yenye mafuta hayo.

Jaribio rahisi la ubora ni kutia mililita 3 za biodizeli katika mililita 27 za methanoli. Yote yakiyeyuka bila kitu kutua chini, badiliko limekamilika. Mafuta yasiyobadilika hujikusanya chini, na hapo mzigo wote hurudishwa pipani.

Matumizi na hatari

Lita ya biodizeli ina nishati pungufu kidogo kuliko lita ya dizeli, lakini hulainisha pampu ya injini vizuri na haina salfa ya kutajika. Huosha pia uchafu wa miaka mingi ndani ya tangi, kwa hiyo filta huziba mapema na hubadilishwa baada ya safari za kwanza. Wengi huanza kwa kuchanganya sehemu moja ya biodizeli na nne za dizeli. Mafuta yaliyotokana na mawese huganda upesi kwenye baridi. Kwenye joto la Dar es Salaam hayaleti shida, lakini lori linalopanda Njombe mwezi wa Juni linaweza kukwama alfajiri filta ikiwa imeganda.

Gliserini inaweza kuwa sabuni ya kusafishia baada ya methanoli iliyomo kutolewa kwa joto, nje, bila moto wa wazi. Maji ya kuoshea hayamwagwi karibu na kisima wala mtaroni.

Methanoli yenyewe haina mzaha. Kiasi kidogo kikinywewa hupofusha au kuua. Nchini Kenya, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya kunywa pombe haramu iliyochanganywa nayo. Hupenya pia kwenye ngozi, na moto wake hauonekani vizuri mchana. Glavu nzito, miwani, hewa ya kutosha na kuwaweka watoto mbali ni masharti ya kazi. Kostiki nayo huunguza ngozi na macho, na dawa ya kwanza ni maji mengi. Kemikali hizi husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Biashara ya mafuta ya magari iko chini ya usimamizi wa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hivyo anayetaka kuuza anahitaji kwanza kufuata taratibu zake.

Hesabu ya mwisho

Lita 100 za mafuta hutoa takriban kiasi hicho hicho cha biodizeli. Mafuta mapya ya kupikia hayafai kwa hesabu, kwani dukani lita yake ni ghali kuliko dizeli ya kituoni. Yaliyotumika nayo si ya bure kila mahali, kwa sababu wakaangaji huyaongezea mapya na kuyarudia karaini. Juu ya bei yake huwekwa lita 20 za methanoli, kostiki, umeme na usafiri wa madumu. Jumla hiyo ikigawanywa kwa lita zilizopatikana, hulinganishwa na bei kikomo ambayo EWURA hutangaza kila mwezi. Inapokuwa chini ya bei hiyo, mtambo umeanza kulipa gharama yake.