Linux ikikugandia usiku, usiilaani bure: ripoti hitilafu

Umenunua laptopu ya mtumba mjini Thika, ukaiwekea Ubuntu au Linux Mint kwa sababu ni ya bure. Sasa ni saa tano usiku kwenye bedsita yako Ruiru, mradi wa chuo unatakiwa asubuhi, na skrini imeganda. Kipanya kinasonga, lakini ukibofya hakuna kinachofunguka. Utado?

Kwanza, usizime kwa nguvu. Kazi ambayo hujahifadhi itapotea. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukiombwa jina na nywila, jua mfumo wenyewe ungali hai. Huenda kilichokwama ni mazingira ya dawati tu, yaani ile sehemu inayokuchorea madirisha na menyu: GNOME, KDE Plasma, Cinnamon au Xfce. Ingia, ufunge programu unayoshuku kwa amri ya pkill, mfano pkill firefox. Kisha rudi kwa Ctrl, Alt na F2 kwenye Ubuntu, au F7 kwenye Mint.

Kesho yake, ukishatuma kazi, tafuta chanzo. Fungua akaunti mpya kwenye mashine hiyohiyo. Mambo yakiwa sawa huko, basi shida iko kwenye mipangilio yako. Kwenye GNOME, zima viongezo vyote, kisha uwashe kimoja kimoja. Iwapo mashine ilijizima na kuwaka tena, amri ya journalctl -b -1 itakuonyesha kilichoandikwa kabla haijazima.

Ukibaini kuwa kosa si lako, ripoti. Hapa ndipo wengi wetu huchemsha. Huwezi kumpelekea fundi wa Makongeni matatu na kumwambia tu, "Ni mbovu." Atakuuliza: inalia ukikata kona au ukikanyaga breki? Watengenezaji wa programu nao wanataka hayohayo: toleo la mfumo, kadi ya picha, hatua ulizofuata moja baada ya nyingine, ulichotarajia na kilichotokea.

Tafuta kwanza kama kuna aliyekutangulia kuripoti. GNOME hupokea ripoti kwenye gitlab.gnome.org, KDE kwenye bugs.kde.org, na Ubuntu ina amri ya ubuntu-bug. Kiingereza chepesi kinatosha. Ila kabla ya kutuma, futa jina lako na siri nyingine kwenye maandishi hayo.

Usiseme hayo ni ya wazungu. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Anayeunda programu hizi huenda hana laptopu kuukuu kama yako mezani, kwa hivyo hitilafu yako haioni. Ukinyamaza, itabaki. Ukiandika, kuna mwanafunzi wa Juja mwenye mashine kama hiyo atakayelala mapema siku moja, bila kujua ni wewe uliyemwokoa.