Kaa Kwanza, Hesabu Gharama



Agosti 2016 nilikaa katika ofisi ya chuo kimoja jimboni Ohio, Marekani, mwanangu mdogo mapajani, nikijiandikisha masomo ya uhasibu. Nilichagua masomo manne kama mtu achaguaye nyanya sokoni: hili saa zake zinanifaa, lile rafiki yangu amelisifu. Nikarudi nyumbani na kumwambia baba watoto, "Miaka miwili tu, nitakuwa mhasibu."

Ilinichukua miaka mitano. Zaidi ya mwaka mmoja katika hiyo niliupoteza si kwa ugonjwa wala kwa kufeli, bali kwa kukosa mpango. Nawaandikia akina mama ambao familia zao zimehamia huko, na ninyi mlio nyumbani wenye binti au wadogo zenu huko, ili msaidiane kuepuka kosa langu.

Chuo cha jamii ni nini?

Ni chuo cha umma cha mji au wilaya. Cha kwanza kilianzishwa Joliet, Illinois, mwaka 1901. Ada yake kwa wakazi wa eneo ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, hupokea karibu kila aliyemaliza sekondari, na vingi vina madarasa ya jioni. Hutoa shahada ya miaka miwili, inayokaribiana na stashahada ya kwetu. Kwa kawaida huhitaji krediti 60, na somo moja mara nyingi huwa na krediti 3.

Kwanza, jua unakwenda wapi

Zipo njia mbili. Moja humwandaa mwanafunzi kwa kazi mara amalizapo: kuandika vitabu vya hesabu, kutayarisha mishahara, kusaidia ofisi za kodi. Nyingine ni ya kuendelea chuo kikuu. Anayetaka kuwa mhasibu mwenye leseni ya CPA kwa kawaida atahitaji angalau shahada ya kwanza, hivyo achague njia ya pili. Ukikosea hapa, baadhi ya masomo uliyolipia huenda chuo kikuu kisiyapokee. Muulize mshauri wa wanafunzi, tena uliza pia chuo kikuu unachokusudia. Majibu yao yaandike.

Masomo hushikana mikono

Hapa ndipo nilipojikwaa. Uhasibu hupandwa kama ngazi. Uhasibu wa fedha hutangulia. Ndio hufungua mlango wa uhasibu wa menejimenti na uhasibu wa kati. Uhasibu wa kati wa kwanza hufungua wa pili, na ukaguzi wa hesabu huja baadaye. Masomo ya juu mara nyingi hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka.

Mimi uhasibu wa fedha niliuacha muhula wa kwanza, nikidhani utanisubiri. Ulipofika wakati wa uhasibu wa kati, ambao chuoni kwetu ulianza Agosti tu, nilikuwa sijakamilisha somo la kutangulia. Nikasubiri mwaka mzima kwa ajili ya somo moja! Kwa hiyo, dada yangu, chukua karatasi na uanze na somo la mwisho. Rudi nyuma hatua kwa hatua, ukiandika kila somo hufundishwa muhula gani na linadai lipi kabla yake.

Tena, wengi hupewa mtihani wa kupima Kiingereza na hisabati. Ukipangwa madarasa ya maandalizi, mara nyingi krediti zake hazihesabiwi katika shahada. Jikumbushe kabla ya kwenda kufanya mtihani huo.

Hesabu saa, si masomo tu

Kanuni ya vyuo vya huko ni kwamba kila saa ya darasa hudai kama saa mbili za kujisomea. Somo la krediti 3 basi ni saa 9 kwa wiki. Masomo yangu manne yalikuwa saa 36, nami nilikuwa na zamu ya usiku ghalani na watoto wawili. Kabla ya Novemba nilikuwa nimeacha somo moja, na nyumbani hakuna aliyeniona nikicheka.

Masomo mawili Agosti, mawili Januari na moja la kiangazi ni krediti 15 kwa mwaka. Kwa miaka minne unafika 60. Changanya vizuri: somo moja zito la uhasibu na moja jepesi zaidi kwako, lakini usiweke mawili ya uhasibu wa juu pamoja. Mwenda pole hajikwai.

Msaada wa fedha una masharti

Raia na wenye ukaaji wa kudumu wenye kipato kidogo wanaweza kuomba msaada wa serikali uitwao Pell, ambao kwa kawaida haurudishwi. Fomu yake, FAFSA, ni bure na hujazwa kila mwaka. Lakini vyuo vingi hudai ukamilishe karibu theluthi mbili ya krediti ulizojiandikisha. Somo uliloacha katikati linaweza kuhesabiwa dhidi yako. Na kozi ya krediti 60 ina kikomo cha krediti 90 za kujaribu. Usiongeze masomo yasiyo katika kozi yako.

Na nyumbani je?

Baada ya kuvunjika moyo, mume wangu alinisomea Luka 14, mfano wa yule ajengaye mnara asiyekaa kwanza kuhesabu gharama. Nilicheka huku nalia: mwanafunzi wa uhasibu asiyejua kuhesabu! Jioni ile tuliketi mezani na kalenda. Yeye alichukua Jumanne na Alhamisi kupika na kuogesha watoto. Jumapili tuliifunga: ni ya ibada na familia, vitabu hulala.

Nilihitimu Mei 2021. Binti yangu mkubwa ndiye aliyenishonea kofia iliyolegea.

Mama, Mungu akikupa nafasi ya kusoma, usiogope umri wala watoto. Lakini kabla ya kulipa ada, kaa chini na mumeo, ombeni, kisha shikeni kalamu. Bwana awabariki.