Kwa nini leseni ya udereva haitoki siku moja kwa wote waliofaulu

Kufaulu mtihani wa udereva na kupewa leseni ni mambo mawili yanayosimamiwa na taasisi mbili tofauti. Kwa upande wa Tanzania Bara, anayempima mwombaji ni mkaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi. Anayepokea maombi, kutoza ada na kuchapa kadi ni Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Ndiyo sababu swali linaloulizwa sana na madereva wapya, kwamba leseni hutoka baada ya siku ngapi, halina jibu la tarakimu moja. Mwombaji ambaye taarifa zake zimekamilika huweza kuondoka na kadi siku ileile anapofika ofisi ya TRA kupigwa picha. Mwenzake aliyefaulu naye asubuhi hiyohiyo, katika uwanja huohuo, huweza kukaa wiki kadhaa bila kadi, kumbe maombi yenyewe hayajaanza hata kushughulikiwa.

Mgawanyo huo wa kazi una mantiki yake. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inataka mtu athibitishwe uwezo wake kabla ya kupewa leseni ya kuendesha chombo cha moto. Polisi ndio wenye utaalamu wa kusema kama mtu anajua kuendesha na anazijua alama za barabarani. TRA, kwa upande wake, ndiyo yenye kumbukumbu za walipakodi na mfumo wa malipo, na leseni ya kadi iliyoanza kutolewa mwaka 2010 hutegemea picha, saini na alama za vidole ambazo huchukuliwa katika ofisi zake. Kwa hiyo matokeo ya mtihani ni ruhusa ya kwenda kuomba leseni, wala hayageuki kuwa kadi yenyewe bila mwombaji kuchukua hatua.

Hatua inayofuata ni maombi. Mwombaji anatakiwa kuwa na cheti cha kufaulu kutoka kwa mkaguzi wa magari, Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN), na vipimo vya afya, hususan vya macho, pale vinapohitajika. Wapo wanaoshangaa kwa nini kijana asiye na duka wala ajira aulizwe TIN. Kinachotakiwa hapa ni TIN isiyo ya biashara, ambayo haimfanyi mtu kudaiwa kodi ya biashara; ni namba ya kumtambua tu katika kumbukumbu za Mamlaka, na hutolewa bila malipo kwa kutumia namba ya kitambulisho cha Taifa kutoka NIDA. Asiye na namba ya NIDA hukwama hapa, na siku zake za kusubiri leseni huwa kwa hakika ni siku za kusubiri kitambulisho.

Hata hivyo, wanaokwama kwa kukosa namba ni rahisi kuwasaidia kuliko wanaokwama kwa tofauti ya majina. Mtu huitwa Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Mohammed katika kitambulisho cha Taifa na Muhamedi katika fomu iliyojazwa kwenye shule ya udereva. Mwingine hutumia majina mawili shuleni na matatu NIDA. Mwanamke aliyeolewa huweza kuwa na jina la mume katika nyaraka moja na la baba katika nyingine. Kwa macho ya jirani huyo ni mtu mmoja; kwa mfumo wa kompyuta hao ni watu wawili au watatu, na ofisa aliye dirishani hana mamlaka ya kuamua kwa hisani kwamba ni yuleyule. Taarifa za TIN hutokana na zile za NIDA, hivyo jina lililoko kwenye kitambulisho ndilo linalobeba mengine yote. Ikiwa kosa liko kwenye cheti cha kufaulu, mwombaji hulazimika kurudi Polisi. Ikiwa liko kwenye kitambulisho, hulazimika kwenda NIDA na vielelezo, na hapo muda hauhesabiwi tena na TRA wala Polisi. Tarehe ya kuzaliwa huleta usumbufu uleule. Dawa yake ni ya mapema na haina gharama: siku ya kujiandikisha shule ya udereva, majina yaandikwe kwa herufi zilezile zilizoko kwenye kitambulisho cha Taifa, na yahakikiwe tena kabla ya kuondoka uwanja wa mtihani.

Baada ya maombi kupokelewa, mfumo hutoa kumbukumbu namba ya malipo. Katika mabadiliko yaliyofanywa na bajeti ya mwaka 2019/2020, muda wa leseni uliongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano, na ada ikapandishwa kutoka shilingi 40,000 hadi shilingi 70,000. Kiasi anachopaswa kulipa mwombaji ni kile kinachoonekana kwenye kumbukumbu namba yake, na malipo hufanyika benki au kwa simu ya mkononi kupitia mfumo wa Serikali wa malipo. Fedha inayotumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo amesimama mlangoni pa ofisi na kuahidi kadi ifikapo jioni, haiingii Serikalini na haisogezi ombi hatua yoyote. Vishoka wa aina hiyo hustawi penye watu wasiojua ombi lao limefikia wapi. Mwombaji mwenye kumbukumbu namba na stakabadhi yake anaweza kuuliza dirishani akajibiwa; aliyelipa mkononi hana cha kuonesha, na akiangukia kwenye kadi ya kughushi, yeye ndiye atakayekutwa nayo barabarani.

Kinachobaki ni mwombaji kufika mwenyewe ofisini kwa ajili ya picha, saini na alama za vidole. Hatua hii haiwezi kufanywa na ndugu wala wakala. Penye mtandao na vifaa, ni kazi fupi. Mtandao ukisumbua au foleni ikiwa ndefu, mwombaji hutakiwa kurudi siku nyingine, na ni haki yake kuuliza arudi lini.

Jambo lenye uzito zaidi ni hadhi ya mtu katika siku hizo za katikati. Aliyefaulu lakini hajapata leseni bado, kisheria, anashikilia leseni ya kujifunzia tu, yaani daraja H. Cheti cha kufaulu kinathibitisha uwezo wake, lakini hakichukui nafasi ya leseni anaposimamishwa na askari. Leseni ya kujifunzia nayo hudumu miezi mitatu, na ina masharti yake, likiwemo la kuwa na mwalimu au dereva mwenye leseni pembeni. Aliyeianza mapema, akachelewa kufanya mtihani, kisha akachelewa tena kufuatilia kadi, anaweza kujikuta hana hata hiyo. Watanzania wenye ndugu Uingereza huenda wamesikia kwamba kule aliyefaulu huendesha peke yake siku hiyohiyo, na kadi humfuata kwa posta, kwa kawaida ndani ya wiki tatu. Utaratibu huo ni wa huko, usichukuliwe kuwa ndio wa hapa.

Hasara ya kutolizingatia hilo huonekana ajali inapotokea. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka gari linalotumika barabarani liwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na mikataba ya bima kwa kawaida huweka sharti kwamba anayeendesha awe na leseni ya daraja linalohusika. Mwenye gari aliyempa funguo kijana "aliyeshafaulu" anaweza kujikuta katika mgogoro na kampuni yake ya bima juu ya gari, na juu ya majeruhi pia.

Kwa wanaotafuta ajira, ni vyema wakati wa kupanga tarehe na mwajiri kukumbuka kwamba daraja ni sehemu ya leseni. Daraja B ni la gari binafsi; anayetaka kuendesha gari la biashara huhitaji daraja jingine, na magari makubwa ya abiria ya daraja C humtaka dereva awe amekaa na daraja la chini yake kwa muda usiopungua miaka mitatu. Hakuna kasi ya uchapaji inayoweza kufupisha miaka hiyo. Aidha, madereva wa vyombo vya usafiri wa kibiashara husajiliwa na kuthibitishwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na hilo ni zoezi la pekee linalofanyika baada ya kadi kupatikana.

Kadi inapokabidhiwa, mwombaji anashauriwa kuisoma akiwa bado dirishani: majina, tarehe ya kuzaliwa, madaraja aliyofaulu na tarehe ya kuisha. Daraja lililosahaulika likibainika palepale hulinganishwa na cheti cha kufaulu kilichoko mezani. Likibainika miezi sita baadaye, mara nyingi siku ya usaili wa kazi, mhusika hulazimika kuanza tena kwa kutafuta cheti hicho kilipo.