Weka Simu kwa Sufuria

Kila Jumapili saa moja jioni, juu ya ploti moja huku Umoja Innercore, kuna sufuria inapitishwa kama kikapu ya sadaka. Wasee wanne, simu nne, kifuniko juu. Hiyo sufuria ndio tulikuwa tunapikia madondo kabla ichomeke chini, so sai kazi yake imebaki hiyo tu. Simu ikianza kutetemeka huko ndani inalia kama nyuki wamefungiwa, na hakuna mtu anaruhusiwa kugusa. Mathe wa mtu akipiga mara tatu mfululizo, hapo sawa, toa ushike.

Kila mtu amekuja na soo. Mia nne inatosha chapo kumi na bakuli kubwa ya madondo kwa kibanda ya huko chini, chai tunajipikia. Tunakaa katikati ya matangi za maji na kamba za nguo, ndege zinapita karibu zikishuka JKIA, na kwa umbali Outer Ring inaunguruma. Halafu tunabonga.

Majirani wanasemanga hizo ni stori za jaba. Hatuchani, lakini naelewa. Ukiona vijana wako na nguvu zao wamekaa juu ya nyumba masaa matatu wakiongea, unaona hawana form. Mi nataka kuwaambia venye hizo stori zimetushikilia, juu naona wasee wengi wa sanaa mtaani wakizama pole pole, na shida si talanta. Hakuna mwenye amewai kaa nao chini akawauliza swali.

Mwenye alianzisha hii kitu ni msee wa kuchora nganya. Ukitaka kumjua angalia kucha zake: kuna rangi ya bluu huko ndani haitokangi, ata akiosha na petroli. Kazi yake inaanza bodi ikitoka kwa fundi wa chuma. Anapiga msasa, anajaza puti penye kuna mashimo, anapiga praima, anafunika na gazeti penye hataki rangi ifike, ndio sasa anashika ka-bunduki ka rangi kenye kameungwa na kompresa. Uso wa mtu mmoja, mchezaji ama rapa, unaweza mkula usiku mzima. Mwisho anapiga klia ndio ing'are na mvua isibambue. Mat inaingia barabara, inapiga mbio mwaka moja ama mbili, mwenyewe anaichoka, anaita msee mwingine achore juu yake.

Usiku mmoja, chapo ikiwa mkononi, akasema hivi: "Buda, mi nafanya kazi yenye inafutwa."

Hakuna mtu alimjibu mbio. Akaendelea. Mwenye alimfunza kuchora alikuwa moto sana miaka ya tisini mwisho na mbili elfu mwanzo. Halafu 2004 sheria za waziri Michuki zikashika: mkanda kwa kila kiti, spidi gavana, mstari wa njano kwa kila mat, na mchoro ikapigwa marufuku. Ufundi wenye mtu amejenga maisha yake yote ukawa makosa. Huyo mwalimu alikaa miaka kumi akichora ng'ombe kwa kuta za mabucha na herufi kwa kuta za nasari. Uhuru Kenyatta akiwa prezo ndio mchoro ikaruhusiwa kurudi, na mzee akarudi na mkono wa kutetemeka. "Hakuna mat ata moja yake iko barabarani sai," msee wetu akasema. "Zero. So mi nachora nini?"

Kwa mbogi yetu kuna manzi wa kamera. Yeye si mtu wa kukupea pole. Akaweka kikombe chini, akamwangalia, akauliza: "Toa doh. Toa jina ya mwenye gari. Kwa hiyo mchoro, ni nini inabaki hapo yenye ni yako?"

Jamaa akanyamaza hadi nikadhani amekasirika. Akajimiminia chai. Halafu akatuambia kuhusu birika.

Kwa kila nganya amewai gusa, karibu na ngazi ya mlango, huko chini penye abiria anakanyaga akishuka, kuna birika ya bluu. Ndogo, saizi ya kidole gumba. Shosho yake alikuwa akiuza chai stendi ya Country Bus kuanzia saa kumi usiku, akiuzia madere na makanga kabla gari ya kwanza itoke. Alimlea kwa hiyo chai, akamlipia shule kwa hiyo chai, mandazi mbili kando. Birika yenyewe ilikuwa ya bluu, imebambuka kwa mdomo. Na ile ya mchoro pia imebambuka kwa mdomo, anaichoranga hivyo hivyo, makusudi.

Tumekuwa mabeshte miaka sita. Hakuna mtu alikuwa anajua.

Hapo ndio mi nilichanuka. Mtu akikuuliza "form ni gani?" unamjibu "niko poa, nasukuma." Hiyo ni salamu, na hakuna ubaya. Lakini unaweza salimiana na mtu miaka sita na usimjue. Ile kitu inakuamsha asubuhi haitoki kwa salamu. Inatoka chai ya pili, giza imeingia, na kuna mtu ameuliza swali moja akanyamaza akangoja jibu. Wengi wetu tunauliza vizuri lakini kungoja ndio hatuwezi. Jamaa anavuta pumzi aseme, tayari tumeanza na "ata mimi..."

Msee wa biti yeye ni wa Dandora, na kwake muziki ni kama ukoo. Amelelewa na kaseti za Kalamashaka, wasee wa hiyo mtaa wenyewe, wenye walishika maiki miaka ya tisini wakarap na lugha ya nyumbani. Yeye shida yake ni umri. Ametimiza 27 na kila mtu akitaja miaka anataja rapa E-Sir. E-Sir aliaga Machi 2003, ajali ya barabara akitoka Nakuru, akiwa na 21. Ishirini na moja! Na tayari watoi wa kila mtaa walikuwa wanajua mistari yake. "Kila birthday nahesabu," jamaa anasema. "Nishampita na miaka sita, na sina kitu."

Hii hesabu inaua wasee. Naisikia kila mahali: kwa studio, kwa kinyozi, kwa mat. Fulani aliomoka akiwa na 19, fulani amenunulia mathe shamba akiwa na 22. Mi nikamletea hesabu ingine. Binyavanga Wainaina, ule mwandishi, alienda South Africa kusomea biashara, akaacha hiyo digrii bila kuimaliza. Alishinda tuzo ya Caine Prize 2002 akiwa na miaka 31, na mwaka uliofuata jarida ya Kwani? ikaanza. Ungempata akiwa na 27 ungesema ni msee amepotea.

Jamaa hakutosheka, na ukweli ni kwamba sikutarajia atosheke. Kulinganishwa na Binyavanga bado ni kulinganishwa. Mwenye alimfungua ni mchoraji, na swali fupi tu: "E-Sir ukimtoa, ungekuwa unatengeneza biti ya aina gani?" Wiki hiyo yote hakukuwa na jibu. Wiki ya pili akakuja na biti kwa ka-spika kake.

Lazima nieleze kwanza mambo ya mpoa wake. Ameenda Saudia kufanya kazi ya nyumba, kontrakti ya miaka mbili. Saa za Riyadh na za Nairobi ni moja, lakini kupatana ni ngori, juu boma anafanyia inalala usiku sana na yeye ndio wa mwisho kulala. So anamtumia sauti. Dakika mbili, dakika tatu, saa saba usiku, akiongea chini chini huku anaosha vyombo. Jamaa alikuwa anaziskiza akilia, anazihifadhi. Sasa kwa hiyo biti, ngoma haikuwa ngoma. Ilikuwa kijiko ikigonga sinki. Maji ikikatwa ndio kik. Na mahali wimbo unafaa kupanda juu, kuna pumzi ya dem akikaribia kucheka, halafu anaizima asiamshe watu.

Tuliskiza mara tatu. Manzi wa kamera alienda kusimama kwa ukuta akatupea mgongo.

Kuhusu mapenzi mi nimeona hivi: mtu wa sanaa anaambiwanga achague. Ama penzi, ama ndoto. "Nitakuoa nikiomoka." Hiyo laini imevunja nyumba nyingi mtaani kabla zijengwe, juu kuomoka haina tarehe na mtu wa kukungoja ako na tarehe. Msee wa biti alikuwa anamwambia huyo dem vivyo hivyo. Sai ameacha. Anamtumia biti kabla mtu mwingine yeyote asikie, na dem anamwambia ukweli: hii imejaa sana, hapa punguza. Bado hawana doh. Lakini sai dem ako ndani ya kazi, haingojei ikiisha.

Manzi wa kamera naye aliachwa kwa mataa. Chali yake alimwambia atafute kazi ya maana, yenye ina payslip. Alikuwa anapiga harusi, besdei, wamama wa mimba wakiwa na maua, na anapenda hiyo kazi, hataki mtu amwambie ni ya chini. Halafu ikaja 25 Juni 2024, siku vijana waliingia Bunge juu ya ile Finance Bill. Alienda tao na kamera. Kesho yake Ruto akasema hatasaini, watu wa mtandao wakasherehekea, na yeye alikuwa amefunga mlango. Wiki sita hakufungua hiyo memori kadi.

Alipokuja juu ya nyumba alisema kitu sijawai sahau. "Naskia ni kama niliiba. Kuna watu wenye nilipiga piksa na sijui kama wako hai."

Hatukumpea ushauri. Tulimuuliza tu anataka hizo piksa ziende wapi. Si kwa maonyesho, akasema. Si kwa gazeti. Akafikiria. "Ziende kwa wenyewe." Ndio amekuwa akifanya hiyo kazi tangu siku hiyo. Anatafuta mtu mmoja mmoja, kupitia mabeshte wa mabeshte, anaprinti, anapeleka mkononi. Hadi sai amepata watu kumi na tisa. Kuna mathe mmoja huko Rongai alifungua bahasha, akaangalia kijana wake ameshika chupa ya maji na bendera, akaingia jikoni bila kusema kitu, akarudi na ugali na sukuma kwa sahani. Manzi alikula yote. Harusi bado anapiga, juu rent ni rent. Lakini ukimuuliza sai yeye ni nani, hasemi "napiga piksa." Anasema "napelekea watu piksa zao." Ukizisema haraka zinafanana, na kwake ni maisha mbili tofauti.

Na mimi? Mi naandika na Sheng. Nilikuwa darasa la sita Shujaaz ilipoanza 2010, ile komiki yenye ilikuwa inakuja ndani ya gazeti bure. Nilipata yangu kwa duka ya M-Pesa. DJ Boyie alikuwa anaongea kama sisi, na shuleni tulikuwa tunachapwa tukiongea hivyo. Nilikuwa nimejiambia naandika ndio watu wacheke. Mbogi ikaniuliza ni nani hasa ninamwandikia, na nikajikuta nikisema: ka-mtoi kamesimama kwa foleni ya M-Pesa, kanangoja mathe. Tangu hiyo siku nikiandika sentensi yenye haka ka-mtoi hakawezi beba, naifuta.

Si kila Jumapili ni tamu. Kuna moja msee wa biti na mchoraji walikosana juu ya deni ya Jirongo mbili, wakakaa mwezi bila kusalimiana, na sufuria ilikuwa na simu mbili tu. Walirudiana bila hotuba. Mmoja alikuja na chapo, mwingine akamsogezea mahali pa kukaa.

Sasa wewe mwenye unasoma hii, uko na beshte anachora, anaimba, anashona, anaandika mistari nyuma ya risiti. Umemwambia "form ni gani" mara mia. Jumapili hii mwite kwako. Pika chai nyingi. Weka simu yako kwa sufuria kwanza, ya kwake itafuata. Muulize ukitoa doh ni nini inabaki yenye ni yake, na asipojibu usiongeze swali ya pili. Mmiminie tu.

Na ukipanda nganya za Eastlands, ukishuka, inama kidogo uangalie kwa ngazi.