Rekodi Sita za Mishipa ya Moyo Iliyogeuka Jiwe

Mshipa wa moyo uliojaa kalsiamu haupokei stenti kirahisi. Kijibomba hicho cha wavu wa chuma kikiwekwa kabla kalsiamu haijavunjwa, hubaki kimebanwa, na mshipa huwa hatarini kuziba tena. Hizi ndizo rekodi za historia ya ugonjwa huu na tiba yake.

Mmoja wa wagonjwa wa kale zaidi wanaojulikana. Ahmose-Meryet-Amon, binti mfalme wa Thebes, Misri, aliishi takriban miaka 3,500 iliyopita. Kipimo cha CT cha maiti yake iliyokaushwa kilionyesha mishipa miwili kati ya mitatu mikuu ya moyo imeathirika.

Mioyo safi zaidi. Ni ya Watsimane wa Bolivia, wakulima, wavuvi na wawindaji. Utafiti wa mwaka 2017 uliwapima watu wazima 705. Asilimia 85 hawakuwa na kalsiamu kabisa kwenye mishipa ya moyo.

Kasi kubwa zaidi. Kinoo cha kusagia kalsiamu chenye chembe za almasi, kilichobuniwa na David Auth na kuidhinishwa Marekani mwaka 1993, huzunguka mara 140,000 hadi 190,000 kwa dakika. Kichwa chake kidogo kabisa kina upana wa milimita 1.25.

Shinikizo kubwa zaidi. Puto la kutanua mshipa liitwalo OPN NC lina tabaka mbili, na hustahimili shinikizo la angahewa 35, takriban mara 15 ya shinikizo la tairi la gari dogo.

Mbinu changa zaidi. Mawimbi ya mshtuko yalianza kuvunja mawe ya figo mjini Munich mwaka 1980. Februari 2021 Marekani iliyaidhinisha kwa mishipa ya moyo. Puto linalotoa mawimbi hayo hujazwa kwa angahewa 4 tu. Mawimbi ndiyo yanayopasua kalsiamu. Katika utafiti wa wagonjwa 384, tiba ilifanikiwa kwa asilimia 92.4.

Jaribio kubwa zaidi. ECLIPSE ya Marekani iliwagawa kwa kura wagonjwa 2,005: wengine wakasagiwa kalsiamu, wengine wakatanuliwa mshipa kwa puto. Matokeo ya 2024 hayakuonyesha kuwa kusaga kwa kila mgonjwa kunashinda puto.

Kwa hiyo kifaa chenye nguvu zaidi si lazima kiwe ndicho kinachokufaa. Ukiambiwa mshipa wako una kalsiamu nyingi, muulize daktari maswali mawili: unene wa kalsiamu umepimwaje, na mshipa utaandaliwaje? Uliza mapema, kwani stenti ikishawekwa haitolewi.