Vyombo vya Wanafunzi Viwekwe Wapi?

Avukaye kwa mashua kutoka Msangamkuu kuja Mtwara mjini anajua ya kuwa nahodha hang'oi nanga kabla hajajua atakapoegesha. Bandari yetu nayo, iliyojengwa kati ya mwaka 1948 na 1954, ilijengewa gati, kwani meli hata iwe kubwa namna gani haina faida kama haina pa kufungwa. Neno hili la kuegesha mabaharia wetu walilitumia kwa vyombo vya majini; leo twalitumia kwa magari, pikipiki na baiskeli. Lakini busara iliyokuwa ndani yake yaelekea tumeiacha pwani.

Twayasema haya kwa ajili ya wanafunzi wanaokaa katika mabweni ya vyuo. Mtwara imekuwa mji wa wasomi. Mbali na vyuo vya ualimu, mwaka 2009 kilianzishwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, na Taasisi ya Uhasibu Tanzania nayo ina kampasi yake hapa. Vijana wamekuja, na vyombo vyao vimekuja pamoja nao. Hatukinyoshei kidole chuo hiki wala kile, maana shida hii haina mwenyewe mmoja.

Wako watakaouliza: mwanafunzi anayelala hatua chache kutoka darasani ana haja gani ya pikipiki? Swali hilo ni la haki, nasi yatupasa kulijibu. Tumfikirie kijana aliyetoka Mahurunga, upande wa Mto Ruvuma. Wazazi wake wameuza korosho wakamnunulia pikipiki, wala hawakuinunua kwa anasa. Wanataka abebe abiria jioni na siku za mapumziko, apate pesa ya chakula na ya vitabu. Kwake yeye pikipiki ile ni shamba. Ikiibwa usiku mmoja, masomo yake nayo yameibwa.

Basi afanye nini? Akiiacha chini ya mwembe nje ya uzio, hapati usingizi. Akimlipa mwenye nyumba jirani amlindie, pato lake la jioni linamegwa. Mwisho huisukuma mpaka ndani ya bweni, akaiegemeza ukutani kwenye korido, karibu na milango ya wenzake. Hapo amemkimbia mwizi akakaribisha moto. Tangi lina petroli, na ikitokea cheche, njia ya kutokea ndiyo itakayowaka kwanza. Ni afadhali tuyaseme haya leo kuliko kuyaandika siku ya maombolezo.

Vyuo vingi vyetu haviwezi kulia kwamba ardhi ni haba. Lililo haba ni mpango. Mwanafunzi wa kutwa huja asubuhi akaondoka jioni. Chombo chake chataka kuwa karibu na madarasa. Chombo cha mwanafunzi wa bweni hulala papo hapo. Hakihitaji ukaribu, chahitaji ulinzi. Wote wawili wakigombea kivuli kimoja, wa bweni atakishika mchana kutwa, na mwenziwe ataegesha njiani, pale pale panapotakiwa kupita gari la wagonjwa. Watengwe, na ugomvi utapungua.

Wala gharama isitutishe. Nafasi ya gari moja dogo, yenye upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5, yatosha pikipiki 5 zikipangwa ubavu kwa ubavu. Nafasi kumi za namna hiyo ni pikipiki 50. Panatakiwa uzio, paa la mabati, taa, na mlinzi mmoja mwenye daftari la namba za vyombo na majina ya wenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makuti yasitumike hapo, kwa sababu ya petroli. Na paa lisikosekane, maana jua letu na upepo wa chumvi havina huruma kwa chuma.

Wanafunzi nao wana wajibu wao. Wasingoje kila kitu kifanywe na wakuu wa chuo. Kuchimba mashimo ya nguzo na kufyeka majani ni kazi ya siku chache kwa vijana wenye nguvu. Na mahali pakishapatikana, asiwepo wa kusema kwamba yeye ana haraka, akaliacha gari mlangoni mwa bweni.

Twawaomba wakuu wa vyuo walifikirie jambo hili kabla ya muhula mpya kuanza. Wanapohesabu vitanda, wahesabu na vyombo. Mzazi aliyeuza korosho zake amewakabidhi mtoto pamoja na jembe lake la kutafutia riziki, na amana hiyo yafaa kutunzwa yote.