Nyumba ya mkopo, mfereji mkavu

Ukienda kununua nyumba Nairobi, muuzaji atakuonyesha jikoni, roshani na hesabu ya mkopo. Habari ya maji huipati mpaka uulize.

Wastawishaji hushindania vitu viwili. Cha kwanza ni pesa zenye mkono wa serikali. Kampuni ya KMRC, iliyoanzishwa 2018, hukopesha benki na vyama vya ushirika ili navyo viwakopeshe wanunuzi kwa riba nafuu. Kisha sheria ya 2024 ikaweka tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho, ili kujenga nyumba za bei nafuu.

Cha pili ni maji, na hayo hayaongezwi kwa kutia sahihi. Bwawa la Ndakaini, tegemeo kuu la jiji, lilikamilika 1994. Tangu hapo magorofa yameota kila mtaa. Mvua ilipopungua, mgao wa maji ulianza Januari 2017.

Mstawishaji asiyetosheka na bomba huchimba kisima. Jirani naye huchimba kirefu zaidi, na maji ya ardhini huzidi kushuka. Isitoshe, visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, ambayo huharibu meno ya watoto.

Kwa hivyo wazazi, kabla ya kutia sahihi, waulizeni wakazi wa hapo: mfereji hutoa maji siku ngapi kwa wiki? Lori la maji ni pesa ngapi? Jumlisheni gharama hiyo na malipo ya mkopo ya kila mwezi. Benki haitapunguza deni eti kwa sababu mfereji umekauka.